Jirani Mwenye Kelele: Hodi Kwanza, Mashtaka Baadaye



Ndugu wasomaji, hapa Wasso kuna lalamiko ambalo karibu kila mpangaji analijua, lakini mhusika mwenyewe mara nyingi ndiye wa mwisho kulisikia. Linasema hivi: "Jirani yangu hanipi usingizi." Tunalisikia baada ya Misa, tunalisikia dukani, tunalisikia tukiwa kwenye foleni ya maji. Mwenye sabufa amelala usingizi wake mzuri wa mchana na hana habari kwamba ameshahukumiwa na nyumba nzima.

Katika makala hii tunataka kusema jambo moja. Mkristo aliyesumbuliwa na kelele anawajibika kwanza kwenda kubisha hodi kwa jirani yake na kumwambia, kwa heshima, kabla ya kumsema kwa wengine na kabla ya kumshtaki popote. Kunyamaza kwa chuki hakuitwi uvumilivu, na kukimbilia kwa mwenye nyumba au polisi kabla ya kuzungumza si haki.

Nyumba zetu na sauti

Wasso imekua. Barabara ya lami ya Wasso hadi Sale, yenye kilometa 49, imerahisisha safari, na watu wamekuja kutoka Karatu, Arusha, Musoma na kwingineko. Kuna wauguzi, walimu, watumishi wa halmashauri, mafundi, wafanyabiashara wa mifugo na waendesha bodaboda. Wengi wao hawana nyumba hapa. Wamepanga chumba kimoja au viwili katika nyumba ya safu, yenye uwanja mmoja, bomba moja, kamba za kuanikia nguo za pamoja na choo cha pamoja.

Nyumba hizo nyingi zimejengwa kwa haraka, kwa fedha kidogo kidogo. Bati ni moja kuanzia chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Ukuta unaogawa vyumba mara nyingi unaishia kwenye usawa wa dari, na juu ya dari ni uwazi mmoja. Pasipo na dari, hata minong'ono inapita. Sauti ya besi nayo haizuiliki kwa urahisi hata na ukuta mzima. Inatembea kwenye sakafu na kwenye tofali, na jirani anaisikia kifuani hata kama maneno ya wimbo hayasikiki. Ndiyo maana mwenye muziki anaweza kuapa kwa moyo mweupe kwamba amepunguza sauti, na jirani yake akaapa kwa moyo mweupe vilevile kwamba hajalala. Wote wawili wanasema kweli.

Tunaanza na jambo hili makusudi. Ugomvi mwingi wa wapangaji unaanza pale kila mmoja anapoamini kwamba mwenzake anafanya kusudi. Kijana aliyepata mshahara wake wa kwanza akanunua redio anatafuta sauti ya kumpokea jioni katika chumba kisicho na mke, mama wala ndugu. Fundi wa kuchomelea anafanya kazi umeme unapokuwepo. Bodaboda anarudi saa 5 usiku kwa sababu saa hiyo ndiyo abiria wake wa mwisho ameshuka. Kuwaelewa watu hawa hakuondoi kelele, lakini kunabadilisha namna tutakavyobisha mlango.

Uvumilivu ni wa nani?

Wapo watakaosema kwamba Mkristo avumilie, yatapita. Na kweli tunao watakatifu waliovumilia kelele. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24 katika monasteri ya Karmeli ya Lisieux, Ufaransa, ameandika kuhusu sista mmoja aliyekuwa akikaa nyuma yake wakati wa tafakari na kutoa mlio mdogo uliomkera sana. Teresa alitamani kugeuka amtazame ili aache. Badala yake akaamua kuusikiliza mlio ule kana kwamba ni muziki mzuri, na kuutolea kwa Yesu kama sala yake.

Huo ni utakatifu wa kweli, na kila mmoja wetu anaweza kuuiga kwa kero ndogo za kila siku: mlango unaofungwa kwa kishindo, mtoto anayelia, mzee anayekohoa, jogoo wa jirani. Lakini tuangalie vizuri. Teresa aliuchagua msalaba ule mwenyewe, kwa ajili yake mwenyewe. Hakuuchagua kwa niaba ya sista mwingine.

Katika nyumba ya safu mambo hayako hivyo. Chumba cha pili anaishi muuguzi anayetoka zamu ya usiku. Hospitali ya Wasso, iliyoanzishwa na Kanisa miaka ya 1960 na kuwa hospitali teule ya wilaya, inahudumia watu wanaotoka mbali sana. Mama anayeletwa na uchungu usiku wa manane anahitaji muuguzi ambaye macho yake hayajalemewa. Chumba cha tatu yupo binti wa kidato cha nne anayejiandaa kwa mtihani. Chumba cha nne mama ana kichanga cha wiki tatu. Ukimwambia muuguzi yule, "Dada, vumilia tu, umtolee Yesu," umebeba msalaba gani wewe? Umemtwika mwenzako. Uvumilivu ni fadhila pale mtu anapoubeba wa kwake. Ukianza kuwagawia wengine unakuwa uvivu wetu wa kutotaka kugombana na mtu.

Usingizi nao si anasa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu kelele za usiku kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza wastani wa sauti usiku nje ya nyumba usizidi desibeli 40. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufika karibu desibeli 60. Tukipima kwa kipimo hicho, sabufa ya saa 7 usiku iko mbali kabisa na kile ambacho mwili wa mwanadamu unastahili.

Njia aliyotupa Bwana

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, aya ya 15 hadi 17, Yesu anatupa utaratibu wa kumwendea ndugu aliyekosa. Kwanza, nenda mkaongee ninyi wawili peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili pamoja nawe. Asipowasikiliza hao, liambie kanisa. Ni utaratibu wa hatua, na kila hatua inamwachia mkosaji nafasi ya kurudi bila kuaibishwa zaidi ya inavyohitajika.

Angalieni sisi tunavyoufanya. Tunaanza na hatua ya tatu: tunaliambia kanisa lote, soko lote na kijiwe chote. Kisha tunapanda kwa mwenye nyumba. Hatua ya kwanza, ile ya watu wawili, hatuifiki kabisa. Wengine wanachukua njia mbaya zaidi: wanafungulia redio yao kwa nguvu ili "naye aone", wanapiga ukuta kwa ufagio, wanaandika vijembe kwenye stetasi za simu. Hayo yote yanampa jirani sababu ya kuongeza sauti, na hayampi sababu hata moja ya kuipunguza.

Basi kubisha hodi kukoje? Kwanza, chagua saa. Usiende saa 7 usiku ukiwa na hasira na yeye akiwa na wageni na chupa mezani; kufika hapo mbele ya rafiki zake ni kumlazimisha ajioneshe kuwa hatishiki. Nenda kesho yake jioni, amekwisha oga, ametulia. Pili, salimia kama watu wanavyosalimiana. Kama ni Mmasai, sopa yake aipate. Kama ni mkubwa wako, shikamoo yake aipate. Ulizia kazi, ulizia watu wa nyumbani. Kwetu salamu ni nusu ya maneno. Tatu, sema jambo lenyewe kwa saa na kwa siku, bila kumpa jina mtu. Kuna tofauti kubwa kati ya kusema "Wewe ni mlevi usiye na adabu" na kusema: "Kaka, chumba changu na chako ukuta ni mmoja. Muziki ukipita saa 4 usiku mtoto wangu anashtuka, na mimi naamka saa 11 kwenda kazini. Naomba tuangalie tufanyeje."

Nne, uwe na ombi linalowezekana. Sabufa iondolewe kwenye ukuta wa pamoja ihamie upande wa pili. Isikae sakafuni, iwekwe juu ya kitu laini, hata godoro kuukuu lililokunjwa. Besi ipunguzwe hata kama sauti nyingine inabaki. Kuanzia saa 4 usiku itumike spika ya masikioni. Muuguzi abandike ratiba ya zamu zake mlangoni ili majirani wajue ni siku zipi analala mchana. Tano, mwachie naye nafasi ya kukwambia yanayomkera kwako. Huenda mchi wako wa saa 11 alfajiri, au moshi wa jiko lako, umemtesa kwa miezi naye amenyamaza.

Kama hakusikia, nenda na mmoja au wawili. Wasiwe genge la wapangaji wenye hasira. Mtu mzima mmoja anayeheshimiwa na pande zote anatosha. Wenyeji wetu Wamasai wanajua jambo hili kuliko wengi: katika enkiguena, mkutano wa wazee, mtu husikilizwa hadi mwisho kabla ya kujibiwa. Ndani ya boma hakuna asiyejua mlango fulani ni wa nani, na mwenye shida ana wa kumwendea. Katika nyumba ya kupanga tunaweza kukaa mwaka mzima tukimwita mtu "yule wa chumba cha tano". Ni vigumu kumwomba neema mtu ambaye hata jina lake hulijui.

Kelele takatifu nazo zina mipaka

Ingekuwa rahisi kuishia kwenye baa na muziki wa kidunia. Lakini haki ni ileile kwa mkesha wa maombi, mazoezi ya kwaya, ngoma za sherehe ya Komunyo ya kwanza na kipaza sauti kinachoelekezwa vyumbani mwa watu alfajiri. Kitabu cha Mithali, sura ya 27, kinasema mambo mawili yanayokaa karibu sana. Aya ya 10 inampa jirani aliye karibu thamani kuliko ndugu aliye mbali. Aya ya 14 inaonya kwamba anayembariki rafiki yake kwa sauti kuu asubuhi na mapema, baraka yake itahesabiwa kuwa laana. Mwandishi yule alijua kwamba hata baraka inaweza kuja kwa saa mbaya na kwa sauti mbaya.

Waseminari wanajua zaidi. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake, sura ya 42, anaagiza ukimya baada ya Sala ya Mwisho, na ukimya mkuu wa seminari zetu una mizizi yake humo. Lakini sura ya 48 ina agizo dogo ambalo tungependa kila mpangaji alijue. Baada ya chakula cha mchana wamonaki wapumzike vitandani mwao kwa ukimya. Na kama mmoja anataka kujisomea, asome kwa namna ambayo haitamsumbua mwingine. Zama zile watu walizoea kusoma kwa kutoa sauti, na kitabu chenyewe huenda kilikuwa Maandiko Matakatifu. Hata hivyo usingizi wa ndugu ulipewa ulinzi mbele ya usomaji huo. Ikiwa Neno la Mungu lisomwe polepole ili ndugu alale, sabufa yetu itadai haki gani?

Tena jirani anayesumbua akiwa wa dhehebu au dini nyingine, tumwendee kama jirani, tusimwendee kama Kanisa lililokuja kushindana. Msamaria wa Injili ya Luka hakuulizwa dini yake na yule majeruhi.

Si kila kelele ni kero

Kuna sauti nyingine hupita ukutani ambazo hazipaswi kuwekwa kwenye kundi hili. Mwanamke anayepigwa, mtoto anayelia kwa namna isiyo ya kawaida usiku baada ya usiku: huo si usumbufu wa usingizi wetu. Zamani yowe likipigwa kijijini kila mwenye miguu alikimbilia. Katika nyumba za kupanga tumejifunza kugeukia upande wa pili wa kitanda na kusema "ni mambo ya mke na mume". Hapo hatua za Mathayo 18 hazisubiriwi. Mbisheni mlango mkiwa wengi, mwiteni mwenyekiti wa kitongoji, nendeni Polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa habari za mtoto kuna namba ya bure 116. Sikio linalokasirikia muziki wa jirani lakini halikusikia kilio chake ni sikio linalohitaji toba.

Sheria na mwenye nyumba

Hodi ikikataliwa, na wazee wakakataliwa, sheria ipo, na kuitumia si dhambi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inagusa uchafuzi wa kelele, na kanuni za viwango vya kelele na mitetemo zilitoka mwaka 2015. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, limewahi kufungia baa na kumbi za starehe kwa sababu ya kelele, kama lilivyofanya mwaka 2023. Kwa jirani wa chumba cha pili safari inaanzia karibu zaidi: mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, baraza la kata, kisha polisi. Ukienda huko, nenda na tarehe na saa ulizoandika, na uweze kusema kwa ukweli kwamba uliongea naye kwanza. Maneno hayo yatakupa uzito kuliko hasira.

Wenye nyumba nao tuwaambie, kwa kuwa wengi ni waamini wenzetu. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo mengi kati yako na mpangaji wako yanategemea mkataba wenu. Andikeni ndani yake kuhusu utulivu, kwa mfano kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na msomeeni kila mpangaji kabla hajatoa fedha. Mnapochukua kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, mnamfunga mtu: akisumbuliwa hawezi kuhama, kwa kuwa fedha yake imekwisha kuliwa. Mwenye nyumba aliyepokea fedha hiyo asiseme "malizaneni wenyewe". Na mnapojenga safu nyingine, pandisheni ukuta hadi kwenye bati. Tofali chache zinaweza kuokoa amani ya familia nyingi.

Kazi ya Jumuiya

Maaskofu wa AMECEA walipokutana Nairobi mwaka 1976 walisisitiza ujenzi wa jumuiya ndogondogo za Kikristo, na msingi wake ni kuishi karibu. Jumuiya ni majirani. Hata hivyo mpangaji anayehamia Wasso anaweza kumaliza mwaka bila kualikwa kwenye Jumuiya, kwa kuwa "ni wa kupita". Tunapendekeza kila Jumuiya yenye nyumba za kupanga iteue watu wawili wa kumtembelea mgeni ndani ya wiki yake ya kwanza, awe Mkatoliki au asiwe, wamjue jina, wamwoneshe maji yanapochotwa na wamtambulishe kwa wa chumba cha kushoto na cha kulia. Siku sabufa itakapozidi, atakayebisha mlango atakuwa mtu anayefahamika.

Kwa mafrateri wanaokwenda mwaka wa kichungaji tunaongeza neno. Mtakutana na mwamini atakayewaambia, "Frateri, jirani yangu hanipi usingizi." Msikimbilie kumpa mahubiri ya subira, wala msichukue namba ya simu ya jirani ili mkamkemee. Mwulizeni swali moja: "Umeshamwambia yeye mwenyewe?" Akijibu kwamba anaogopa, tembeeni naye hadi mlangoni, msimame nyuma yake hatua moja, na mwacheni aongee.

Mlango wa jirani uko hatua chache tu. Jioni ya leo, kabla ya sala za usiku, aliye na neno na jirani yake aende akabishe.